Ukiandikiwa Barua, Huna Siri

Kama uko Mtwara mjini, iwe Shangani, Chikongola au Magomeni, vuta kiti. Na kama umeshahamia Dar na siku hizi unajifanya hujui hata kubangua korosho, we vuta viti viwili, maana leo tunakuhusu zaidi.

Nakupa mtihani mdogo. Chukua karatasi umwandikie barua mtu unayempenda. Sisemi meseji ya "mambo, uko poa?" Nasema barua yenyewe, yenye mwanzo na mwisho. Utaanzaje?

Ngoja nibashiri. "Madhumuni ya barua hii ni kutaka kujua hali yako. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima wa afya njema, hofu ni kwako tu wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu."

Umecheka, siyo? Cheka tu. Barua hiyo hiyo kijana aliyeko jeshini alimwandikia mchumba wake, binti wa bwenini alimwandikia baba yake akiomba hela ya sabuni, na mjomba aliyeko mgodini aliwaandikia nyumbani. Ukibadilisha jina pale juu inafaa kwa mtu yeyote. Karatasi inajaa pande mbili, wino unakwisha, lakini ukiuliza huyu mtu amesema nini, hakuna.

Tatizo siyo kwamba watu wetu hawajui kuandika. Walifundishwa herufi, wakafundishwa na maneno ya kuzijaza, ila hawakuambiwa kwamba yale ya moyoni mwao nayo yanaruhusiwa kwenye karatasi. Ndiyo maana wiki hii kona yetu ina mazoezi. Ni ya mama yako, shangazi yako, mjomba wako, na ya kwako pia wewe unayetaka kuandika hadithi za mapenzi na ujambazi lakini kila ukianza unaishia ukurasa wa pili.

KWA NINI ZIWANI?

Nimeichagua Ziwani makusudi. Ni kata ya Mtwara Vijijini, upande wa pwani ile inayokwenda Madimba na Msimbati hadi Ruvuma inapoingia baharini. Wengi wenu mna mtu kule. Ukimfikiria mtu huyo, unamwona na jembe kwenye mikorosho au na ndoo pwani. Humwoni na kalamu.

Sasa hebu hesabu karatasi zilizopita kwenye pwani ile. Mwaka 2000 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Uvuvi ambao babu aliufanya bila kumwuliza mtu ukawa na kanuni zilizoandikwa. Mwaka 2007 korosho za Mtwara zikaingia stakabadhi ghalani, yaani mkulima anapeleka mzigo, anarudi na karatasi, fedha inafuata baada ya mnada. Oktoba 2015 mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba ukazinduliwa. Novemba 2018 Serikali ikasema inanunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, na wanajeshi wakaja kuzibeba, na wakulima wakasimama kwenye foleni za kuhakikiwa wakiwa na karatasi zao mkononi.

Kila mahali hapo kuna karatasi, na kwenye kila karatasi kuna mtu mmoja aliyeiandika na mwingine aliyeweka sahihi au dole gumba. Nadhani umeshaona ninakokwenda. Mtu anayeandikiwa hana siri. Akidai, anadai kwa maneno ya mwingine. Akipenda, jirani anajua kabla ya mpenzi.

Na mambo makubwa je? Mwaka 2013, Januari na tena Mei, Mtwara iliwaka kwa ajili ya bomba la gesi. Ripoti zipo, picha zipo, hotuba zipo. Lakini simulizi ya mama aliyefunga genge lake siku ile, iliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, utaitafuta sana.

Majirani zetu wa Lindi wana lao la kujivunia. Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 waliiandika Wajerumani kwa jinsi walivyoiona wao. Lakini mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, naye alikaa chini akaiandika kwa utenzi wa Kiswahili. Mwaka 1957 ukachapwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Bila yeye, vita ile tungeisoma kwa macho ya mwenye bunduki tu.

NGUMBARU SIYO TUSI

Vijana wa siku hizi ukimwita mwenzio "ngumbaru" mnagombana. Wazee wao walikuwa wanakwenda ngumbaru jioni, na daftari kwapani. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 zikachaguliwa wilaya sita zifute ujinga wa kutojua kusoma kabla ya wengine: Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Tanga, na ya sita ni Masasi, ya kwetu hapa hapa. Mtihani wa kwanza wa nchi nzima ukafanyika 1975.

Mtihani wenyewe ulikuwa na hatua nne. Ukifika ya nne ina maana unasoma gazeti, unaandika barua ikasomeka, unaweka hesabu zako mwenyewe. Mwaka 1967 watu wazima wapatao wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Mtihani wa 1986 ukatoa jibu kwamba waliobaki hawafiki 10 katika 100. Dunia nzima ilitupigia makofi.

Halafu? Sensa ya 2012 ikakuta wanaojua kusoma na kuandika, kuanzia miaka 15, ni kama 78 katika 100. Sababu ni nyingi, shule na fedha zikiwemo, lakini mojawapo kila mtu anaijua: kusoma bila kuandika ni kama baiskeli iliyoegeshwa. Inaota kutu. Mama alijifunza herufi zote, akapata cheti, halafu miaka 20 kazi ya kalamu ikawa ni kuweka sahihi kwenye daftari la msiba. Herufi nazo zina hasira, usipozitumia zinaondoka.

Basi tuzirudishe. Twende kazi.

ZOEZI LA KWANZA: NENO MOJA LA KWAKO

Mwaka 1963, kwenye mji mdogo wa Angicos huko Brazil, mwalimu mmoja aitwaye Paulo Freire aliwafundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma kwa saa kama 40. Hakuanza na a-e-i-o-u. Alianza na maneno ya kazi zao, kama vile tofali. Fundi ujenzi akiona neno tofali mkono unamwasha, maana tofali analijua hadi uzito wake.

Kwa hiyo mwambie mama: chagua neno moja la kazi yako. Korosho. Dema. Ndoo. Kisima. Aliandike juu ya karatasi, halafu chini yake aandike vitu vitano anavyovijua kuhusu kitu hicho ambavyo wewe mtoto wa mjini huvijui. Siyo insha, ni vitu vitano tu. Utashangaa. Atakayeandika kuhusu mabibo atakwambia harufu yake inaanza saa ngapi, na nani alilewa nayo mwaka gani.

ZOEZI LA PILI: SEMA KWANZA, ANDIKA BAADAYE

Watu wazima wengi wakishika kalamu wanavaa suti. Mtu aliyekuwa anakuchekesha barazani hadi unashika mbavu, mpe karatasi, anaanza: "Napenda kuchukua fursa hii adhimu." Fursa ya nini sasa?

Dawa yake ni hii. Akusimulie kwa mdomo kwanza, dakika tano. Siku hizi simu ipo, mrekodi, ila kwa ruhusa yake. Kisha aandike kile kile alichosema, kwa maneno yale yale, bila kuyapeleka saluni. Dakika kumi, kalamu isisimame. Akikosea herufi, asifute. Kufuta kuna siku yake.

ZOEZI LA TATU: NZURI VIPI?

Hili ndilo tamu, na ndilo linalowafaa hata nyinyi wenye ndoto za kuwa kina Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Piga marufuku maneno mawili, "nzuri" na "furaha". Kila yanapotokea, uliza: vipi?

Tuseme mama wa Ziwani ameandika hivi:

"Bahari ni nzuri sana. Nilipokuwa mdogo niliishi kwa furaha na wazazi wangu pwani."

Unamwuliza, mama, nzuri vipi? Anakwambia, we mtoto nawe, si nzuri tu! Usimwache. Siku gani ilikuwa nzuri? Nani alikuwepo? Mlibeba nini? Mlirudi na nini? Ukiuliza kwa adabu, na chai ikiwepo, baada ya nusu saa karatasi itakuwa na kitu kama hiki:

"Siku za bamvua mama alituamsha kabla ya jua. Maji yakishatoka tunakwenda mwambani na ndoo moja na kijiti. Pweza wa kwanza alikuwa wa kuuza. Wa pili ndiye wetu. Siku nyingi wa pili hatukumpata."

Umeona? Hakuna "furaha" wala "huzuni" humo ndani, lakini vyote viwili umevisikia. Hayo ndiyo maandishi. Mambo ya pweza wa pili hayapo kwenye kitabu chochote, yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na yangekwenda naye kaburini.

SASA KISU

Kuandika ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhariri, na hapa ndipo vijana wengi mnakimbia. Mnadhani kuhariri ni kurekebisha "l" na "r". Hapana bwana. Kuhariri ni kuuliza kila sentensi: we unafanya kazi gani hapa?

Na usidhani ni kazi ya watu wa Dar waliovaa miwani. Mzee Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso kule Masasi, kabla hajaingia Ikulu 1995 alikuwa mhariri wa magazeti: The Nationalist, Uhuru, baadaye Daily News. Watu wa Kusini kisu tunacho tangu zamani.

ZOEZI LA NNE: SOMA KWA SAUTI. Aliyeandika asome mwenyewe, wengine wasikilize. Pale anapokwama, sentensi ni ndefu. Pale wasikilizaji wanapoangalia simu zao, kata. Pale wanapocheka au wanaponyamaza ghafla, usiguse.

ZOEZI LA TANO: KATA KICHWA. Funika sentensi mbili za mwanzo kwa kiganja, usome kuanzia ya tatu. Mara nyingi maandishi yanaanzia pale, yale ya juu yalikuwa ni kupasha misuli tu. Ile ya "madhumuni ya barua hii" inakufa hapo hapo, Mungu ailaze mahali pema.

ZOEZI LA SITA: NANI, NINI, LINI, WAPI, KIASI GANI. Hili ni la barua za madai, na ndipo mkate ulipo. Tuseme mkulima ana wasiwasi na mizani ya ghala. Barua ya kwanza inatoka hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi kama mkulima nimekuwa nikisikitishwa sana na mambo yanayoendelea kuhusiana na suala zima la mizani, jambo ambalo kwa kweli si zuri na linaturudisha nyuma kimaendeleo. Naomba lifanyiwe kazi. Natanguliza shukrani."

Lifanyiwe kazi lipi? Mwenyekiti ataiweka chini ya kikombe cha chai. Sasa pitisha yale maswali matano:

"Jumanne nilileta ghalani magunia mawili ya korosho. Nyumbani tulipima mbele ya jirani, kilo 162. Mizani ya ghala ilisoma kilo 155. Stakabadhi ninayo. Naomba mizani ipimwe mbele yetu wakulima, na nijibiwe kabla ya mnada ujao."

Imekuwa fupi, na haina tusi hata moja. Lakini hii huwezi kuiweka chini ya kikombe, maana ina kilo saba ndani yake, na kilo saba kwa bei ile ya 3,300 ni shilingi 23,100. Hiyo ndiyo faida ya kuhariri, unaweza kuihesabu.

USIMNYANG'ANYE KALAMU

Hapa nasema na wewe kijana uliyemaliza kidato cha nne, una simu kali na Kiswahili cha redioni. Ukishakaa na mama au mjomba kuhariri, kishawishi kinakuja. Unaona neno la Kimakonde, unalitoa. Unaona "wa pili ndiye wetu", unaandika "wa pili tulimtumia kwa matumizi ya nyumbani". Umeua. Sasa hivi karatasi ni yako, siyo yake, na tumerudi kule kule kwenye kuandikiwa.

Kanuni yangu ni moja: anayehariri anauliza, mwenye maandishi anakata. Kalamu haihami mkono.

Kama unadhani mtu wa ngumbaru hawezi kuhariri, nikupeleke kidogo kwa jirani zetu Kenya. Mwaka 1976 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, wakiwemo wafanyakazi wa viwandani na vibarua wa mashamba ya chai, walianza darasa la watu wazima kwenye kituo chao. Wakataka mchezo wa kuigiza. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika rasimu kwa Kikuyu, ikaitwa Ngaahika Ndeenda, yaani nitaolewa nikipenda. Rasimu ilipofika kijijini, wenyewe wakaichambua. Mzee hazungumzi hivi, walisema. Wimbo huu hauimbwi hivyo. Kiwandani mambo ni hivi, si vile. Profesa wa chuo kikuu akakaa chini akasahihishwa na watu waliokuwa wamejifunza herufi juzi.

Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977, watu wakajaa. Novemba Serikali ikafuta kibali. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ akakamatwa, akakaa kizuizini bila kesi karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 jukwaa lile likabomolewa. Ngũgĩ amefariki Mei 2025, na dunia ikamlilia kama mmoja wa waandishi wakubwa wa Afrika. Mimi nalikumbuka zaidi lile darasa. Jiulize: kama maandishi ya watu wazima wa kijijini ni kitu kidogo, kwa nini yalitumiwa polisi?

Sisemi mjomba wako wa Ziwani akamatwe, jamani. Nasema tu maneno yake yana uzito kuliko unavyodhani.

KAZI YA WIKENDI

Usiseme huna muda. Shaaban Robert, pamoja na ajira yake serikalini na vitabu vyote vile, alikuwa anamwandikia barua mdogo wake Yusuf Ulenge. Barua za kati ya 1931 na 1958 zimetengeneza kitabu kizima. Ziliandikwa na kaka kwa mdogo wake, basi.

Kwa hiyo ukienda nyumbani Jumamosi hii, pamoja na sukari na mkate, beba daftari moja na kalamu mbili. Moja yako, moja yake. Mkae barazani baada ya alasiri, kila mtu afanye zoezi la kwanza, halafu msomeane. Na wewe usome ya kwako, usijifanye mwalimu. Wiki ya pili fanyeni la tatu. Mkifika la sita, mwulize kuna karatasi gani ndani ya sanduku lake ambayo aliiwekea sahihi bila kuielewa. Ipo. Anzeni na hiyo.

Na akikwambia, "Mwanangu, mimi nimeshazeeka, niandikie tu," mpe kalamu, umsogezee taa, unyamaze.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.